Nyumba, Mpunga na Raha za Majira katika Bonde la Kilombero

Katika kurasa nyingine za kijitabu hiki wasomaji watakuta hesabu za miaka kumi ya Chama chetu Kikuu: magunia yaliyopokewa, fedha zilizolipwa, na kazi ya viongozi waliotumika kwa uaminifu. Hesabu hizo ni njema na hapana budi ziandikwe, kwa kuwa chama kisichojua hesabu yake hakina siku nyingi. Lakini mpunga hauanzii kwenye mizani. Kabla ya kufika ghalani umepandwa na mume na mke, umepaliliwa na dada na wifi, umeamiwa ndege na watoto, umevunwa na majirani, na sehemu yake imekwisha kuliwa kwa furaha kabla ya gunia la kwanza kushonwa mdomo. Sisi tuliopewa kazi ya kuandika kurasa za historia tumeona vema kuisimulia historia hiyo ya nyumbani, maana ndiyo mama wa hizo nyingine zote. Tena lipo jambo ndani yake ambalo chama chetu chapasa kulifikiri sana kinapoingia mwaka wake wa kumi na moja.

NCHI NA MTO

Bonde la Kilombero limelala baina ya milima ya Udzungwa, iliyo upande wa kaskazini-magharibi, na miinuko ya Mahenge, iliyo upande wa kusini-mashariki. Urefu wake wapata kilomita 250, na penye upana mkubwa hufika kilomita 65. Mito mingi hushuka milimani ikaingia katika Mto Kilombero, nao ukikutana na Luwegu huwa Rufiji, na Rufiji huenda zake baharini. Wakati wa masika maji hupanda yakatandaa mbugani. Wakati wa kiangazi hurudi mtoni, yakiacha nyuma udongo mwororo, mabwawa, na samaki. Mwezi wa Aprili mwaka 2002 bonde hili liliandikwa katika orodha ya ardhi oevu zenye thamani kwa dunia nzima, chini ya Mkataba wa Ramsar, kwa eneo la hekta 796,735. Wenyeji hawakungoja orodha hiyo ili waijue thamani ya nchi yao. Waliijua kwa kula.

Watu wa bonde wana asili nyingi. Wandamba ni watu wa mto, mabingwa wa mtumbwi na wa migono ya kutegea samaki. Wapogoro wameenea tangu milima ya Mahenge hata mbugani. Wambunga walifika kutoka kusini katika karne ya 19, zama za misukosuko ya Wangoni. Wabena na Wahehe walishuka kutoka nyanda za juu, na baadaye wakaja watu wa kila mkoa, wakavutwa na ardhi, na reli, na viwanda vya sukari. Hapa Ifakara, katika kata yetu ya Viwanja Sitini, jirani wa kulia na jirani wa kushoto huenda wasiwe na lugha moja ya mama, lakini wote wawili watakueleza bila kusita mpunga upi hunukia na upi hushiba.

Jina la Viwanja Sitini ni jina la hesabu ya viwanja, na mgeni aweza kudhani kwamba maisha yetu yamo yote ndani ya viwanja hivyo. Sivyo. Nyumba iko mjini, lakini shamba liko mbugani, na jamaa wa nyumba moja hugawanyika na kukutana tena kila mwaka kwa amri ya mvua. Serikali zimepita, na vita vimepita. Vita vya Majimaji vilifika Ifakara na Mahenge mwezi wa Agosti mwaka 1905, na vilipozimwa mwaka 1907 vilikuwa vimeacha njaa na makaburi katika nchi ya kusini. Baada ya msiba ule watu walishika tena jembe na kufuata majira yale yale ya mvua na mto.

MWANZO WA MVUA

Mwaka wa nyumba ya mkulima hauanzi Januari. Huanza mwezi wa Oktoba na Novemba, jua lingali kali, watu wanapofyeka nyasi za mbugani na kuutifua udongo. Huo ndio wakati wa maembe. Watoto hushinda chini ya miembe, nguo zao zikachafuka kwa utomvu usiotoka kwa sabuni, na akina mama hulalamika kwa mdomo huku nao wakimenya.

Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi hutoka ardhini jioni. Hapo kila nyumba huweka mwanga karibu na beseni la maji, na watoto hukusanya kwa mikono. Kumbikumbi hukaangwa pasipo mafuta, hupepetwa mbawa zikapeperuka, hutiwa chumvi kidogo, wakawa kitoweo cha ugali au kitafunio cha kutembea nacho. Raha hii haina bei sokoni kwetu, wala haingoji mshahara. Hudumu siku chache tu, na kwa sababu hudumu siku chache, mtoto aliyeila haisahau hata akizeeka katika mji wa mbali.

KUHAMIA SHAMBANI

Desemba na Januari mbegu huingia ardhini, na hapo ndipo safari kubwa ya mwaka huanza. Jamaa hufunga mizigo: sufuria, chumvi, mikeka, chandarua, kuku wawili watatu, na mbegu iliyosalia. Baba na mama huenda, pengine pamoja na watoto wadogo. Bibi hubaki mjini na wale wanaosoma. Huko mbugani hujengwa dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, ili maji yapite chini na watu walale juu. Mwenye kulala dunguni huyasikia maji, husikia vyura, na masikio yake hayalali yote mawili kwa pamoja, kwa maana nguruwe na viboko nao waupenda mpunga.

Desturi ya kuhamia shambani ni ya zamani, lakini umbali uliongezeka katika miaka ya 1970. Kati ya mwaka 1973 na 1976, watu wa mashambani nchini Tanzania walipokusanywa katika vijiji, nyumba nyingi za bonde ziliwekwa karibu na barabara. Lakini udongo wa mpunga haukuweza kuhamishwa pamoja nao. Basi aliyekuwa akitembea kitambo kidogo kufika shambani alijikuta akitembea nusu siku, na dungu la kuchungia likawa nyumba ya pili ya miezi mitatu au minne.

Maisha ya dunguni yana taabu, wala hatupendi kuyapaka sukari. Hata hivyo wengi wetu tulijifunza huko mambo ambayo mjini hayafundishwi. Mpunga ukianza kushika maziwa, kwelea huja makundi kwa makundi kama wingu, na watoto huamka alfajiri kuwaamia. Hupiga makopo, huvuta kamba iliyofungwa mabati, hutupa madongo kwa kombeo, na kuimba kwa sauti mpaka shamba la pili liitikie. Mtoto wa miaka minane ajua kwamba akilala yeye, nyumba nzima italala njaa. Hivyo huupata utu uzima mapema.

Jioni, ndege wakisharudi matetini, moto huwashwa, kambale hubanikwa, na mahindi mabichi huchomwa kwa makaa. Kisha huja hadithi za Sungura na Fisi, na vitendawili ambavyo baba huvitega na mama huvitegua kabla ya watoto kufungua kinywa. Mjini baba huyu hana nafasi ya kuketi hivi. Hutoka asubuhi akarudi usiku. Dunguni hana pa kwenda, na watoto wake humpata mzima.

PEPETA

Sasa twafika kwenye jambo ambalo kwa ajili yake hasa tumeishika kalamu. Miezi ya Februari na Machi ndiyo miezi migumu ya bonde. Mpunga wa mwaka jana umekwisha au unakaribia kwisha, na wa mwaka huu ungali kijani. Kihenge kikipigwa kwa kiganja hutoa sauti ya utupu. Nyumba hula maboga na majani yake, mboga za mwituni, mahindi mabichi, na samaki aletwaye na maji. Hapana aibu katika kusema hivyo. Ndivyo mwaka wa mkulima ulivyo.

Kisha siku moja mama huingia shambani, hukamua punje kwa kidole, huitia mdomoni, na kutabasamu. Mpunga haujakauka, lakini punje imejaa. Hukata masuke machache kwa kisu, huyapukusa, na punje zile huzitia katika chungu juu ya moto, akizikoroga mpaka ziwe moto sana na kuanza kutoa harufu. Zikingali moto huzimimina kinuni, na watu wawili hutwanga kwa zamu, mchi baada ya mchi, mpaka punje ziwe bapa na maganda yaachane nazo. Hatimaye hupepetwa kwa ungo. Hiyo ndiyo pepeta: laini, ya kijani kidogo, yenye harufu ya moshi na ya majani mabichi. Huliwa kavu kwa mkono, au pamoja na nazi iliyokunwa, au na sukari ikiwapo, au na chai.

Anayeila pepeta leo kwa kununua kikombe kimoja barabarani huiona ni kitafunio kitamu, na ni kitamu kweli. Lakini kwa nyumba iliyongoja tangu Februari pepeta ilikuwa habari. Ilitangaza kwamba njaa imevunjika na mavuno yako njiani. Kwa sababu hiyo haikuliwa kwa uchoyo. Bakuli la kwanza lilipelekwa kwa bibi na babu. La pili kwa jirani ambaye mpunga wake ulichelewa. Ndipo watoto waliokuwa wakizunguka kinu wakapewa haki yao. Bakuli lililokwenda kwa jirani halikurudi tupu. Pengine lilirudi na samaki mkavu, pengine na ndizi mbili, pengine na shukrani tu na ahadi ya kusaidia kuvuna. Lakini halikurudi tupu.

Angalieni basi, wasomaji wetu, jinsi mambo matatu yalivyokutana katika chakula kidogo hiki. Kwanza, mpunga ulikuwa mali ya nyumba, nayo nyumba ilikuwa na uhuru wa kuukata wakati ipendapo. Pili, kazi ilifanywa na wote, mkubwa na mdogo. Tatu, tunda la kwanza liligawanywa kabla ya kuuzwa. Hayo matatu yakiwapo, pepeta huwapo. Moja likitoweka, pepeta hubaki jina.

UJIMA NA TOGWA

Kuanzia Mei hata Julai ni mavuno, na mavuno ni kazi isiyoweza kungoja. Mpunga ulioiva ukiachwa hupukutika, huangushwa na upepo, au huliwa na ndege. Nyumba moja peke yake haiwezi. Ndiyo maana wazee waliweka ujima. Watu kumi au ishirini huingia katika shamba la mmoja wao, wakavuna, wakapiga mpunga juu ya mikeka, na siku nyingine huhamia shamba la mwenziwe. Mwenye shamba hakulipa fedha. Alilipa kwa chakula, kwa pombe kwa watu wazima, na kwa togwa kwa kila mtu.

Togwa yastahili sifa yake. Mama hupika uji wa unga wa mahindi au mtama, mzito, kisha huuacha upoe mpaka uwe vuguvugu. Hapo hutia unga wa kimea, yaani ulezi uliolowekwa, ukaota, ukakaushwa na kusagwa. Baada ya muda mfupi uji mzito huyeyuka wenyewe ukawa kinywaji chepesi chenye utamu, pasipo hata chembe ya sukari. Ikinywewa siku ile ile ni tamu. Ikilala usiku mmoja huchachuka na kuwa kali kidogo, ikamburudisha sana mtu aliyeinama juani tangu asubuhi. Watoto waliotumwa kupeleka mtungi shambani walijulikana kwa kupunguza njiani, na wakubwa walijulikana kwa kujifanya hawakuona.

Ujima ulikuwa na sheria zake, ingawa hazikuandikwa popote. Uliyemvunia ni lazima akuvunie. Mjane asiye na nguvu husaidiwa, na hulipa kwa upishi. Mvivu huitwa mara mbili, mara ya tatu haitwi. Deni liliwekwa katika kumbukumbu, na kumbukumbu za watu wa bonde ni ndefu kuliko mto wao.

Ushirika wa sheria ulikuja Tanganyika kwa amri ya mwaka 1932, na mwaka 1933 ndugu zetu wa Kilimanjaro wakaandikisha Chama Kikuu cha KNCU kwa ajili ya kahawa yao. Historia hiyo tunaiheshimu. Lakini mtu akituuliza watu wa Kilombero walijifunza wapi kushirikiana, tutamjibu kwamba walijifunza katika shamba la mpunga, mkononi wakiwa na kata ya togwa. Kilichopungua katika ujima ni nguvu ya kusimama mbele ya soko. Majirani ishirini waliweza kuvuna shamba kwa siku moja, lakini kila mmoja alikwenda kuuza peke yake, na mbele ya mnunuzi mwenye lori na mizani mtu mmoja ni mdogo sana. Pengo hilo ndilo ambalo chama chetu kiliundwa kuliziba.

KIANGAZI

Mpunga ukishaingia ndani, bonde hupumua. Maji hurudi mtoni, na samaki hubaki katika mabwawa. Wavuvi huleta kambale, perege na kitoga. Wengine huliwa siku ile kwa wali mpya, na wengine hupangwa juu ya uchanja wakakaushwa kwa moshi, wawe akiba ya siku zijazo. Wanawake hukata ukindu, huukausha, huutia rangi, na kusuka mikeka huku wakizungumza. Mchele mpya huroweshwa na kutwangwa, ukawa unga wa vitumbua. Kutoka miinukoni, penye mianzi, husimuliwa habari za ulanzi uliogemwa wakati wa mvua. Na huko Mahenge ngoma ya sangula huchezwa mpaka vumbi liwe juu ya vichwa.

Huu ndio wakati wa harusi na wa kutembeleana. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, iliyakuza sana matembezi hayo. Treni fupi ambayo watu waliiita Kipisi ilisimama katika vituo vidogo, na ndani yake mlisafiri magunia ya mchele, mikungu ya ndizi, kuku, na shangazi waliokwenda kuwaona wajukuu wao. Kwa ndugu wa upande wa Ulanga safari ilipita mtoni kwa kivuko, tena kwa hofu wakati wa masika. Mwezi wa Mei mwaka 2018 lilifunguliwa daraja la Kilombero, lenye urefu wa mita 384, na tangu siku hiyo binti aliyeolewa ng'ambo huweza kuja kula wali mpya kwa mama yake na kurudi kwake jua lisijatua.

KAZI ILIYO NYUMA YA RAHA

Tungekuwa waandishi wasio haki kama tungezisifu raha hizi pasipo kutaja ni nani aliyezitengeneza. Pepeta ina mikono, na mikono hiyo aghalabu ni ya mwanamke. Yeye ndiye aliyepalilia, akapika, akatwanga, akapepeta, na usiku akalala mwisho. Mashine za kukoboa zilipoenea katika bonde hatukusikia mwanamke hata mmoja akikililia kinu, nasi hatumlaumu. Yafaa zaidi tujiulize iwapo muda aliouokoa umekuwa wake, au umejazwa kazi nyingine.

Tena dunguni kuna mbu. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel alianzisha hapa Ifakara maabara ya utafiti wa magonjwa, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, na watafiti wa mji huu wamewafuata wakulima hata mashambani. Kuanzia mwaka 1997 vyandarua vya Zuia Mbu viliuzwa katika wilaya za Kilombero na Ulanga kwa njia ya mradi wa KINET, na chandarua kikaingia katika mzigo wa shambani pamoja na chumvi na sufuria. Hilo lilikuwa badiliko jema kuliko tuwezavyo kueleza, kwa maana hapo kale kila nyumba ilikuwa na hadithi ya mtoto aliyekwenda shambani akiimba na akarudi amebebwa.

Kuna na suala la shule. Mtoto aamiaye ndege hupata hekima ya shamba, lakini hukosa hesabu na kusoma, na mwalimu hawezi kungoja kwelea waondoke. Raha ya dunguni ni njema siku za likizo na za mwisho wa juma. Ikila masomo ya mtoto si raha tena, ni deni tunalomkopa yeye bila kumuuliza.

SOKO NA NYUMBA

Zamani mpunga ulikuwa chakula kwanza na biashara baadaye. Baada ya uhuru nafaka ilinunuliwa na mashirika ya umma, kati yake Shirika la Usagishaji la Taifa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika nchini vilivunjwa, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Katika miaka ya 1980 biashara ya nafaka ilifunguliwa hatua kwa hatua kwa watu binafsi. Tangu hapo malori huja mpaka mbugani. Barabara ni njema na wanunuzi ni wengi, na mchele wa Kilombero wasifiwa Dar es Salaam. Hayo yote ni maendeleo, na nyumba nyingi za bati hapa kwetu zimeezekwa kwa fedha ya mpunga.

Lakini soko limeleta mitego miwili. Mtego wa kwanza ni lumbesa, gunia lenye kilemba, ambalo sheria ya vipimo yalikataza na ambalo bado hushonwa. Huo waonekana kwa macho, na mizani ya chama ndiyo dawa yake. Mtego wa pili hauonekani. Ni kuuza mpunga ukiwa kijani. Mwezi wa Februari, kihenge kikiwa kitupu na ada ya shule ikidaiwa, mkulima hupokea fedha kidogo, na kwa fedha hizo huahidi magunia ya Juni. Mei ikifika mpunga umejaa, mama aingia shambani, akamua punje kwa kidole, na hawezi kukata hata suke moja kwa moyo mweupe, kwa kuwa shamba lile si lake tena. Amelima, amepalilia, watoto wameamia ndege. Na mavuno ya kwanza yamekwisha kuliwa na mtu ambaye hakuvikanyaga vile vidimbwi.

Hiyo ndiyo sababu ya kusema kwamba pepeta ni kipimo. Nyumba inayoweza kuketi mwezi wa Mei kuzunguka kinu na kugawana bakuli la kwanza ni nyumba iliyofika mwisho wa mwaka ikiwa huru. Nyumba isiyoweza imekwisha kuuza zaidi ya mpunga: imeuza ile siku yenyewe ya furaha, na pamoja nayo heshima ya kumpelekea jirani bakuli.

NENO KWA WANACHAMA

Ndugu wanachama, twaleta mashauri machache, nanyi mtayapima.

La kwanza: nyumba ifanye hesabu ya chakula chake kabla ya kufanya hesabu ya mauzo. Chukueni mfano wa nyumba ya watu sita wanaokula kilo mbili na nusu za mchele kwa siku. Kwa siku 30 ni kilo 75, na kwa miezi 12 ni kilo 900. Mpunga ukikobolewa hupungua kwa kadiri ya theluthi moja. Hivyo kilo 900 za mchele hutaka karibu kilo 1,400 za mpunga. Nyumba inayokula ugali siku nyingine itahitaji pungufu. Kila nyumba ina idadi yake. Kosa ni kutokuijua. Mpunga huo wa nyumbani uingie kihengeni kwanza, na uliobaki ndio uitwe wa kuuza.

La pili: hesabu hiyo ifanywe na mume na mke wakiwa pamoja. Anayejua kiasi cha chakula kinachotoka kihengeni kila siku ni mama. Kuuza bila shauri lake ni kusafiri usiku na kuiacha taa nyumbani.

La tatu ni kwa chama chenyewe. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 ilifungua njia ya mkulima kuweka mazao ghalani, kupata stakabadhi, na kungoja bei. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 yatupa nguvu ya kusimamiana. Basi kazi ya miaka kumi ijayo iwe kuwafikia wanachama mwezi wa Februari, wakati wa shida, na mkopo mdogo wenye haki, kabla ya mnunuzi wa mpunga wa kijani hajabisha hodi. Chama kinachoonekana Juni tu, wakati wa mizani, ni mnunuzi mwenye jina zuri. Chama kinachoonekana Februari ni ndugu.

La nne: tuwafundishe watoto. Wafundishwe namna ya kuitia kimea togwa, ya kusuka ukindu, ya kutwanga pepeta, wavulana pamoja na wasichana. Lakini wafundishwe siku ambazo shule imefungwa. Mwenye kuyajua mambo haya akifa kabla ya kuyafundisha, hakuna ghala litakaloturudishia.

Masika ya mwaka 2024 yalileta mafuriko makubwa katika bonde, na nyumba nyingi zilipata hasara. Maji yalipopungua watu walirudi tena mbugani na majembe yao, kama babu zao walivyorudi. Kwa watu wa namna hii hatuna shaka juu ya miaka kumi ijayo. Tunachoomba ni kwamba hesabu zitakapoandikwa tena katika kijitabu cha miaka ishirini, pawe na safu moja ya ziada kando ya magunia na fedha: nyumba ngapi za wanachama ziliila pepeta ya shamba lao wenyewe, pasipo deni la mtu.

Umoja ni nguvu.